Antena ya Wi-Fi ya kopo la bati: mwongozo kamili, kuanzia kupima hadi kulenga

Kopo tupu la bati, kipande cha waya wa shaba kifupi kuliko kidole gumba na soketi moja ya chuma vinatosha kutengeneza antena ya Wi-Fi inayolenga upande mmoja. Ukiielekeza vizuri itakamata mtandao wa jengo la pili, au itafikisha mtandao wako kwenye chumba cha uani ambako simu huonyesha alama moja tu. Kazi nzima huchukua nusu siku, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya rula na penseli.

Nasisitiza rula kwa sababu kopo langu la kwanza liliharibikia hapo. Nilikuwa nimesoma kwamba waya wa ndani huwa robo ya urefu wa wimbi, yaani milimita 31, nikatoboa na tundu lake milimita 31 kutoka kwenye kitako. Antena ikawa hafifu kuliko kijiti cha plastiki kilichokuja na ruta. Kopo la pili lilikuwa la ukubwa uleule, lakini tundu nililiweka milimita 58 kutoka kitakoni, na mtandao uliokuwa ukikatika kila dakika ukatulia. Waya ulikuwa uleule, soketi ileile. Kilichobadilika ni mahali pa tundu tu. Kwa hiyo kabla hujashika keekee, elewa kwa nini vipimo hivi viwili havifanani.

Wimbi la hewani na wimbi la ndani ya kopo

Chaneli 1 hadi 13 za Wi-Fi ya GHz 2.4 ziko kati ya MHz 2412 na MHz 2472. Katikati ya bendi hiyo, kwenye MHz 2442, wimbi moja likiwa hewani lina urefu wa milimita 122.8. Robo yake ni milimita 30.7. Hicho ndicho kipimo cha waya, na hakibadiliki hata ukibadilisha kopo.

Wimbi likiingia ndani ya kopo mambo hugeuka. Kopo ni mfereji wa chuma, na humo wimbi haliendi moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Husafiri likigonga ukuta huu na ule. Ukilipima kwa kufuata urefu wa kopo, kutoka kilele kimoja hadi kingine, utakuta limerefuka. Kadiri kopo linavyokuwa jembamba ndivyo wimbi linavyozidi kurefuka, mpaka unafika kipenyo ambacho halipiti kabisa. Kwa bendi hii kikomo hicho ni kama milimita 73. Kopo lililo jembamba kuliko hapo halifai, hata ulitengeneze kwa ustadi gani.

Sasa tundu. Waya ukirusha wimbi, sehemu huenda mbele kwenye mdomo wa kopo na sehemu hurudi nyuma. Ile ya nyuma hugonga kitako, hupinduka, kisha huja mbele. Tundu likiwa umbali wa robo ya wimbi la ndani kutoka kitakoni, wimbi linalorudi hukutana na lile linalotoka wakati huo yakiwa yanapanda na kushuka pamoja, yakasaidiana. Tundu likikaa pengine, yanapunguzana nguvu. Ndiyo maana tundu hufuata wimbi la ndani, na waya hufuata wimbi la hewani.

Jambo moja zaidi la kuelewa: kopo haliongezi nguvu yoyote. Hukusanya tu nguvu iliyopo na kuielekeza upande mmoja, na hufanya vivyo hivyo linapopokea. Antena ya kopo iliyotengenezwa vizuri hutoa desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu) 7 hadi 9, wakati vijiti vya ruta nyingi huwa kati ya 2 na 5. Namba hizo zinaonekana ndogo, lakini kwenye uwazi usio na vizuizi kila desibeli 6 huongeza umbali mara mbili.

Kuchagua kopo

Tafuta kopo la duara, la bati linaloshika sumaku, lenye kitako kizima na kipenyo cha ndani kati ya milimita 80 na 92. Bati huvutwa na sumaku kwa kuwa ndani yake ni chuma, na hushika risasi ya kulehemu kwa urahisi, alumini haishiki. Mikunjo midogo ubavuni haina madhara makubwa, ila kopo laini hupimika na kutoboleka vizuri zaidi.

Kwa nini nisiseme 75, ilhali wimbi linapita? Kwa sababu karibu na kikomo kopo huwa na hasira. Kwenye kopo la milimita 75, mahali sahihi pa tundu kwa chaneli 1 ni milimita 130 kutoka kitakoni, na kwa chaneli 13 ni milimita 95. Huwezi kutoboa tundu moja la kuzifaa zote. Kopo la milimita 90 lina tofauti ya 53 na 49 tu, kwa hiyo ukitoboa 51 umeziridhisha chaneli zote 13. Mwaka 2001 Rob Flickenger, nchini Marekani, alichapisha maelezo ya antena ya bomba la Pringles ambayo yalienea sana, na mpaka leo watu huanza na bomba hilo. Bomba hilo ni jembamba, liko palepale karibu na kikomo, na muundo wake ulihitaji fimbo yenye vijiduara vya chuma ndani. Kopo pana la bati ni rahisi zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi.

Juu ya milimita 93 mtindo wa pili wa wimbi, yaani namna nyingine ya kusafiri humo ndani, huanza kuingia koponi na mwelekeo wa antena huweza kupinda. Kopo la milimita 100 bado litafanya kazi, na kama ndilo ulilo nalo litumie, ila lisiwe chaguo lako la kwanza.

Urefu nao una uzito. Kopo likitimiza robo tatu za wimbi la ndani hulenga vizuri. Kopo fupi unaweza kulirefusha kwa kuunganisha la pili lisilo na kitako, kipenyo kilekile, kwa kulilehemu kuzunguka au kulifunga kwa tepu ya alumini iliyobanwa sawasawa.

Kupata mahali pa tundu

Pima kipenyo cha ndani sehemu tatu tofauti, uchukue wastani, kwa sababu makopo mengi hayako duara kamili. Kisha chukua kikokotoo. Zidisha kipenyo kwa 1.706. Gawanya 122.8 kwa jibu hilo, zidisha utakachopata kwa chenyewe, kitoe kwenye 1, halafu tafuta kipeuo cha pili. Sasa gawanya 122.8 kwa kipeuo hicho: huo ni urefu wa wimbi la ndani. Ugawanye kwa 4 na umepata umbali wa tundu.

Tuchukue kopo la milimita 85. Mara 1.706 ni 145. Kugawanya 122.8 kwa 145 ni 0.847, mara yenyewe ni 0.717, ukitoa kwenye 1 inabaki 0.283, na kipeuo chake ni 0.532. Gawanya 122.8 kwa 0.532 upate milimita 231. Robo yake ni milimita 58.

Kwa asiyependa hesabu, haya hapa majibu. Namba ya kwanza ni kipenyo cha ndani, ya pili ni umbali wa tundu kutoka kitakoni, ya tatu ni urefu mzuri wa kopo, zote kwa milimita:

80 – 70 – 211
83 – 62 – 185
85 – 58 – 173
90 – 51 – 153
92 – 49 – 148
100 – 44 – 133

Umbali wa tundu unapimwa kutoka uso wa ndani wa kitako hadi katikati ya tundu. Makopo mengi yana ukingo wa kitako unaotokeza nje kwa milimita 3 hadi 5. Ukipimia nje bila kuuhesabu ukingo huo, tundu litasogea kiasi hichohicho. Ingiza rula ndani hadi iguse kitako, soma kina mdomoni, kisha linganisha na urefu wa nje. Tofauti ndiyo ya kuongeza unapopima kwa nje.

Vitu vya kuandaa

Utahitaji soketi aina ya N ya kike, ile yenye bamba la mraba na matundu manne ya skrubu. Skrubu nne ndogo na nati zake. Waya mnene wa shaba wa milimita 2 hadi 2.5, pasi ya kulehemu yenye nguvu ya kutosha, wati 60 ni nzuri, risasi ya kulehemu ya vifaa vya umeme, msasa, tupa, keekee, kipande cha mti kinachoingia koponi, multimita, na glovu nene. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi bomba kulehemu hapa, maana hula shaba taratibu.

Ziko pia soketi za N zinazofungwa kwa nati moja kubwa. Hufaa, lakini nati hukaa ndani ya kopo na kufunika shina la waya. Napendelea ya skrubu nne.

Kutoboa

Fungua kopo kwa kifungulio kinachoacha ukingo bila meno, ulioshe na kulikausha. Vaa glovu tangu hapa, maana bati lililokatwa hupasua ngozi kabla hujahisi. Weka alama ya tundu, kisha chomeka kipande cha mti ndani kiwe kama fuawe, upigilie msumari kwenye alama. Bila mti, ukuta wa kopo utabonyea na vipimo vyote vitahama.

Panua tundu kwa keekee ya ncha ndogo, halafu kubwa zaidi, umalizie kwa tupa hadi shingo ya soketi ipite bila kulegea. Shikiza soketi, weka alama za skrubu, toboa. Kwa kuwa bamba ni bapa na kopo limepinda, ligonge bati taratibu juu ya mti ili eneo la soketi linyooke kidogo na bamba likae vizuri.

Hapa kuna hatua inayosahaulika sana. Makopo mengi yamepakwa rangi nje na utando wa kuzuia kutu ndani, na vyote viwili havipitishi umeme. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae pale bamba linapogusa. Bamba lisipogusana na kopo, antena yako ni waya mtupu uliosimama ndani ya bati.

Waya

Nyoosha waya kwa kuuviringisha kati ya mbao mbili. Kata milimita 35 hivi, ulehemu kwenye pini ya soketi kabla ya kuifunga koponi. Ukijaribu baadaye, bati litanyonya joto lote na risasi haitashika. Pasha pini na waya kwa pamoja, kisha gusisha risasi iyeyuke na kuingia yenyewe. Bonge la risasi juu ya pini liondoe. Waya ukiwa umeinama, pasha tena na kuunyoosha. Usiukunje ukiwa baridi.

Sasa pima kwa makini: kutoka pale uso wa ndani wa kopo utakapokuwa hadi ncha ya waya iwe milimita 31. Pini ya soketi inayotokeza ndani inahesabiwa humo, kwa hiyo waya wenyewe utakuwa mfupi kuliko 31. Kata pole kwa pole kwa tupa. Milimita moja ya ziada si maafa, tano ni maafa.

Funga soketi, vichwa vya skrubu vikae ndani na nati nje, ili ndani pabaki wazi. Waya uelekee katikati ya kopo, wima kabisa juu ya ukuta wake. Kisha chukua multimita: kati ya waya na kopo pasiwe na njia ya umeme, na kati ya ganda la soketi na kopo ukinzani uwe karibu sifuri. Usiendelee mpaka vipimo vyote viwili vikubali. Mwenye chombo cha kupima SWR (namba inayoonyesha kiasi cha nguvu inayorudishwa na antena) kinachofika GHz 2.5 aangalie chaneli anayotumia: 1.5 ni nzuri sana, 2 inakubalika, kwa kuwa hapo nguvu inayorudi ni kama asilimia 11 tu.

Kebo, mahali jasho linapopotelea

Nimeona antena nzuri zikiuawa na kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye masafa haya. Mita 3 zimekula nusu ya nguvu. Mita 8 zimekula faida yote ya kopo. Kwa hiyo kebo iwe fupi iwezekanavyo, mita moja au pungufu. Ukihitaji urefu, kebo ya LMR-400 hupoteza kama desibeli 0.22 kwa mita, ila ni nene na ngumu kukunja. Njia bora zaidi ni kusogeza ruta au adapta ya USB (kifaa cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye kompyuta) karibu na antena, kisha kurefusha waya wa USB au wa mtandao. Waya wa USB 2.0 unaweza kufika mita 5 bila kupoteza chochote cha redio.

Kebo ya televisheni ina omu 75 badala ya 50. Tofauti hiyo peke yake haina hasara kubwa. Tatizo ni konekta za kuungaunga zinazovujisha. Iache kama una nyingine.

Angalia pia konekta ya upande wa ruta. Nyingi hutumia RP-SMA, inayofanana na SMA ya kawaida lakini pini na tundu vimebadilishana. Soketi ya ruta ikiwa na hesi kwa nje na pini katikati, kebo yako inatakiwa iwe na hesi kwa ndani na tundu katikati. Tazama ndani kabla ya kununua. Zima ruta kabla ya kufungua antena ya zamani, usiiwashe ikiwa haina antena.

Ruta yenye antena mbili au zaidi hutuma data kupitia zote. Ukibadilisha moja tu, umbali utaongezeka lakini si kwa kiasi chote. Adapta yenye antena moja hulifaidi kopo zaidi. Na hakikisha uko kwenye GHz 2.4: kwenye GHz 5 kopo hili halina maana.

Kwa asiye na pasi ya kulehemu

Chukua adapta ndogo ya USB, toboa tundu linaloitosha mahali palepale ulipokokotoa, uiingize isimame kuelekea katikati ya kopo, uikaze kwa gundi. Antena iliyochapwa ndani ya adapta hufanya kazi ya waya. Matokeo yake ni pungufu ya soketi na waya uliopimwa, lakini hakuna kebo ya kupoteza nguvu, na ni saa moja ya kazi. Ni mwanzo mzuri kwa mwanafunzi.

Kulenga

Fungua programu inayoonyesha nguvu ya mtandao kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Kwenye Linux amri ya iw dev wlan0 link inatosha, mradi wlan0 liwe ndilo jina la adapta yako. Namba ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: -60 ni nzuri, -70 hufanya kazi, -80 inasuasua, -90 hakuna kitu. Zungusha kopo kidogo, subiri sekunde kumi, soma, andika. Usomaji wa haraka ndio hupotosha watu, maana namba hupanda na kushuka zenyewe.

Ukishapata upande, zungusha kopo kama unavyozungusha kitasa, bila kubadilisha linakolenga. Waya ukisimama wima, wimbi nalo ni la wima, na antena za ruta mara nyingi husimama wima. Waya ukilala kwa upande, unaweza kupoteza desibeli 20, yaani kubaki na sehemu moja kati ya mia. Kwa hiyo kwa kawaida soketi hukaa chini kabisa au juu kabisa ya kopo, haikai ubavuni.

Njia iwe wazi, na si kwa macho tu. Wimbi huhitaji nafasi kuzunguka mstari wa kuonana: katikati ya mita 300 eneo hilo lina nusu kipenyo cha mita 3, na katikati ya kilomita 1 ni mita 5.5. Asilimia 60 ya eneo hilo ikiwa wazi, mawasiliano huwa imara. Majani yenye maji, zege lenye nondo na vioo vilivyopakwa utando wa chuma hula nguvu nyingi, kwa hiyo mara nyingine kuinua kopo mita moja hushinda saa nzima ya kulizungusha.

Usiulenge mtandao wa mtu bila ruhusa yake. Kila nchi pia ina kikomo cha nguvu inayotoka kwenye antena, ambacho hujumlisha ruta na kopo. Angalia kanuni za nchi yako, na ikibidi punguza nguvu ya kurusha kwenye mipangilio ya ruta. Upokeaji hautapungua.

Likikaa nje

Funika mdomo kwa mfuniko wa plastiki. Ili kujua kama plastiki inanyonya wimbi, iweke kwenye maikrowevu pamoja na glasi ya maji kwa nusu dakika. Ikitoka na joto, tafuta nyingine. Toboa kitundu kidogo upande wa chini, karibu na mdomo, unyevu utoke, na inamisha kopo kidogo mbele. Ziba soketi kwa tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe. Silikoni yenye harufu ya siki usiitumie karibu na shaba, kwa sababu tindikali yake huleta kutu. Kebo ishuke chini ya usawa wa dirisha kabla ya kupanda na kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo. Mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme na uunganishwe na ardhi. Chomoa kebo kabla radi haijaanza kunguruma.

Antena ikikataa kabisa, rudi kwa mpangilio huu: kwanza multimita kati ya bamba na kopo, maana rangi au utando ambao haukusuguliwa ndio mkosaji wa mara kwa mara, kisha konekta ya RP-SMA, kisha urefu wa waya. Umbali wa tundu upime mwisho, kutoka ndani. Tundu likiwa limekosewa kwa zaidi ya milimita 5, usilitanue. Chukua kopo jingine utoboe upya, soketi na waya zitahamia huko bila kubadilishwa chochote.